UCHANGANUZI: Tiba ya saratani ya mapafu isiugeuze moyo kafara

KWA miaka mingi madaktari wanaotibu saratani ya mapafu kwa mionzi walikuwa na imani moja ambayo ni wachache waliothubutu kuitilia shaka. Iwapo uvimbe haukufa kwa kipimo cha jana, basi kipimo kiongezwe. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Mionzi huziua seli za saratani kwa kuzivuruga ndani kwa ndani hadi zishindwe kuzaana, na kadiri kipimo kinavyopanda ndivyo seli nyingi zaidi zinavyoangamia. Mkulima anayeyaona magugu yakichipuka upya hulitafuta jembe zito zaidi, wala hakuna anayemshangaa.

Mnamo 2007 watafiti wa Marekani na Kanada waliamua kuipima imani hiyo kwa utafiti mkubwa uliopewa jina la RTOG 0617. Walishirikishwa wagonjwa 544 ambao saratani yao ya mapafu ilikuwa imefika hatua ya tatu, yaani imevamia tezi za kifuani lakini haijavuka kwenda viungo vya mbali. Hawa ni watu ambao aghalabu hawawezi kufanyiwa upasuaji, ila bado kuna tumaini la kuwaponya. Wote walipata dawa za kemikali pamoja na mionzi, na baadhi wakaongezewa dawa nyingine ambayo haikuwafaa kitu. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kipimo. Kundi moja lilipewa grei 60, kipimo cha kawaida, kwa vikao 30. Kundi la pili likapewa grei 74 kwa vikao 37. Grei ni kizio kinachoonyesha kiasi cha nguvu za mionzi ambacho mwili umekifyonza, kama vile kilo inavyoonyesha uzito wa gunia.

Wengi walitarajia kundi la grei 74 lishinde. Ilipofika Juni 2011, wasimamizi walichungulia takwimu za awali na kuamuru kwamba mgonjwa mwingine yeyote asipewe kipimo hicho kikubwa, kwa kuwa hapakuwa na dalili kwamba kingeweza kushinda. Matokeo kamili yalipochapishwa mwaka wa 2015 katika jarida la Lancet Oncology, yaliwaacha wataalamu vinywa wazi. Nusu ya wagonjwa waliopewa grei 60 waliishi kwa miezi 28.7 au zaidi. Kwa wale wa grei 74, nusu walikuwa wameshaaga dunia kufikia mwezi wa 20.3. Miezi minane ya uhai ilikuwa imepotea mikononi mwa tiba iliyonuiwa kuuongeza. Isitoshe, uvimbe wenyewe haukudhibitiwa vyema zaidi kwa kipimo hicho kikubwa.

Sababu zilizotajwa ni kadha wa kadha. Matibabu yalichukua muda mrefu zaidi. Koo na umio viliungua kwa wagonjwa wengi wa kundi hilo kiasi cha kushindwa kumeza. Huenda pia baadhi ya madaktari, kwa kuhofia kipimo kikubwa, walibana mno mipaka ya eneo lililolengwa na sehemu ya uvimbe ikakosa mionzi ya kutosha. Lakini kulikuwa na jambo moja lililojitokeza kila takwimu zilipopekuliwa: kadiri sehemu kubwa ya moyo ilivyopitiwa na mionzi, ndivyo mgonjwa alivyokuwa katika hatari zaidi ya kufa mapema.

Ili kuelewa jinsi moyo ulivyosahaulika, ni vyema tuuangalie utaratibu wa utafiti wenyewe. Mtaalamu anapopanga matibabu ya mionzi hana budi kuamua ni viungo vipi vilindwe kwanza, maadamu haiwezekani kuvilinda vyote kwa kiwango sawa. Mwongozo wa RTOG 0617 uliviorodhesha hivi: uti wa mgongo, mapafu, umio, mishipa ya fahamu inayoelekea mkononi, kisha moyo. Moyo ulikuja wa tano, wa mwisho! Si kwamba waandishi wa mwongozo huo walikuwa wazembe. Walikuwa wakifuata fikra ya zama zao kwamba madhara ya mionzi kwa moyo huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, na mgonjwa wa saratani ya mapafu, kwa bahati mbaya, hakutarajiwa kuishi muda huo wote. Kwa nini basi kuhangaikia maradhi ambayo hatayafikia?

Fikra hiyo ilitokana kwa kiasi kikubwa na wagonjwa wa aina nyingine. Wanawake wanaotibiwa saratani ya matiti, hasa titi la kushoto, nao hupigwa mionzi karibu na moyo, na wengi wao huishi miaka mingi baadaye. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2013 kuhusu wanawake 2,168 wa Uswidi na Denmark ulionyesha kwamba hatari ya kupatwa na maradhi makubwa ya mishipa inayoulisha moyo damu ilipanda kwa asilimia 7.4 kwa kila grei moja ya wastani iliyoufikia moyo. Uchunguzi huohuo ulifichua mambo mawili ambayo yalipaswa kuwashtua madaktari wa mapafu. Kwanza, hapakuwa na kiwango cha chini ambacho kingeweza kusemwa kuwa ni salama. Pili, hatari hiyo ilianza kuonekana katika miaka mitano ya kwanza baada ya matibabu, wala haikungoja muongo upite. Na wanawake hao mioyo yao ilipata wastani wa takriban grei 5 tu. Katika saratani ya mapafu, si ajabu moyo kupata grei 10, 15 au hata zaidi ya 20, kwa kuwa tezi zinazolengwa zimeegemea moyo wenyewe na mishipa mikubwa inayotoka humo.

Tena tuzingatie ni moyo wa nani unaozungumziwa. Mgonjwa wa saratani ya mapafu katika nchi za Magharibi mara nyingi ni mtu wa umri wa miaka sitini na kitu, aliyevuta sigara kwa miongo kadhaa, na moshi uleule ulioyaharibu mapafu yake ulikwisha kuanza kuiziba mishipa ya moyo wake. Wagonjwa 748 wa Boston waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, takriban theluthi moja yao tayari walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo kabla hawajaguswa na mionzi. Mionzi inapoingia katika mishipa ya namna hiyo hujeruhi utando wake wa ndani, nao huvimba na kukusanya mafuta, na mishipa ikazidi kuwa myembamba. Wakati mwingine hujeruhiwa ngozi nyembamba inayoufunika moyo, maji yakajaa baina yake na moyo. Wakati mwingine huathirika sehemu zinazotawala mapigo, moyo ukaanza kwenda mrama.

Ushahidi uliofuata uliikata kauli ya "miaka kumi". Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliwafuatilia wagonjwa 112 waliokuwa wamepewa vipimo vikubwa vya mionzi, na kuripoti mwaka wa 2017 kwamba miongoni mwa wale ambao mioyo yao ilipata wastani wa chini ya grei 10, asilimia 4 walipatwa na matatizo ya moyo katika miaka miwili. Kwa waliopata grei 20 au zaidi, idadi hiyo ilikuwa asilimia 21, na kufikia mwaka wa nne ikawa asilimia 41. Hii ina maana kwamba karibu wawili kati ya watano waliugua moyo kabla ya kumaliza miaka minne. Wale wa Boston nao walionyesha kwamba wastani wa grei 10 au zaidi uliandamana na vifo vingi zaidi, hasa kwa wagonjwa ambao awali hawakuwa na ugonjwa wa moyo.

Mjini Manchester, Uingereza, wataalamu wa hospitali ya saratani ya Christie walikwenda mbali zaidi. Badala ya kuuchukulia moyo kama kipande kimoja cha nyama, waliziweka picha za wagonjwa 1,101 juu ya nyingine kwa kompyuta na kuuliza ni sehemu ipi hasa ambayo ikipigwa mionzi mgonjwa hufa mapema. Jibu lilikuwa sehemu ya juu ya moyo, pale ambapo mishipa mikubwa hutokea na ambapo mishipa inayoulisha moyo huanzia. Eneo hilo pia liko karibu na kitovu kinachoanzisha mapigo. Mtu anayejua nyumba ataelewa: kupasuka kwa kigae kimoja cha paa si sawa na kuungua kwa swichi kuu ya umeme.

Hata hivyo, inafaa tahadhari. Takwimu hizi nyingi zinatokana na kuangalia yaliyopita. Mgonjwa ambaye moyo wake ulipata mionzi mingi mara nyingi ni yuleyule ambaye uvimbe wake ulikuwa mkubwa au umekaa pabaya, na huenda angekufa mapema hata moyo wake ungelindwa namna gani. Vilevile katika RTOG 0617, vifo vingi viliandikwa kuwa vya saratani. Sina shaka kwamba baadhi ya vifo hivyo havikuwa vya saratani pekee, kwani mtu mwenye saratani anapoanguka ghafla nyumbani ni nadra familia au daktari kuuliza kuhusu moyo. Cheti hujazwa ugonjwa unaojulikana. Lakini kutokuwa na shaka kwa mwandishi si ushahidi, na wanaodai kwamba moyo ndio uliowaua wagonjwa wote wa grei 74 wanauvuka mpaka wa yale yaliyothibitishwa.

Kinachozidisha uzito wa suala hili ni kwamba fikra ya mgonjwa asiye na miaka ya kuishi imepitwa na wakati. Tangu mwaka wa 2018, utafiti uitwao PACIFIC umeonyesha kwamba wagonjwa wa hatua ya tatu wanaopewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili, durvalumab, baada ya mionzi na kemikali huishi muda mrefu zaidi. Baada ya miaka mitano, takriban asilimia 43 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 33 ya wale ambao hawakuipata. Hata hao asilimia 33 ni wengi kuliko ilivyodhaniwa kuwezekana kizazi kimoja kilichopita. Mtu atakayeishi miaka mitano au kumi ana kila haki ya kuudai moyo wake ukiwa mzima.

Je, moyo unalindwaje? Hatua ya kwanza haihitaji mashine yoyote mpya. Ni kuuchora. Kabla ya matibabu mgonjwa hupigwa picha za CT, na mtaalamu huchora juu ya kila picha mpaka wa uvimbe na wa kila kiungo kinachopaswa kuepushwa. Kompyuta haiwezi kukilinda kiungo ambacho haikuonyeshwa. Moyo ukichorwa kwa haraka haraka, sehemu ya juu ikaachwa nje, mpango utakaotoka utaonekana safi kwenye karatasi ilhali swichi kuu ya nyumba imo motoni.

Hatua ya pili ni namna ya kuielekeza mionzi. Mbinu ya zamani ilitumia miale michache iliyonyooka, kila mmoja ukipita ndani ya mwili kama msumari. Mbinu za sasa huivunja miale hiyo vipande vingi vyenye nguvu tofauti, vikaingia kutoka pande nyingi na kukutana kwenye uvimbe. Wagonjwa wa RTOG 0617 waliotibiwa kwa mbinu hii mpya mioyo yao ilipata mionzi mikali kidogo kuliko wenzao, na wachache zaidi walipatwa na uvimbe mkali wa mapafu unaotokana na mionzi. Kuna pia kumfunza mgonjwa kuvuta pumzi na kuishikilia wakati mashine inapowaka, ili mapafu yajae hewa na moyo usogee mbali, ingawa si kila mwenye mapafu mabovu anayeweza kuistahimili. Na kuna mashine za protoni, ambazo miale yake husimama ndani ya uvimbe bila kupita upande wa pili. Bei yake hata mataifa tajiri huifikiria mara mbili.

Hapa ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, nao haupaswi kufichwa. Mionzi unayoifukuza kutoka kwenye moyo haitoweki. Huenda ikahamia kwenye pafu zima, na pafu likipitiwa na mionzi mingi mgonjwa atakohoa na kukosa pumzi miezi michache baadaye, wengine wakafa kwa hilo. Kadhalika, daktari anayeuogopa moyo kupita kiasi anaweza kuuacha ukingo wa uvimbe bila kipimo cha kutosha, na saratani itarudi hapohapo. Mpangaji mzuri hurudia hesabu mara tatu, mara nne, akibadilisha pembe ya mwale huu na nguvu ya ule, hadi apate mpango unaoukosesha moyo grei kadhaa bila kuyaongezea mapafu mzigo. Hiyo ni kazi ya saa nyingi za mtu aliyesomea fizikia ya matibabu.

Na saa za mtu huyo ndizo hasa ambazo sisi Wakenya hatuzizungumzii. Julai 2019 taifa lilimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na Gavana wa Bomet Joyce Laboso, wote kwa saratani na wote ndani ya mwezi mmoja. Kilio kilichofuata kilikuwa cha mashine. Wanasiasa walishindana kuahidi mashine, na haina budi kukiri kwamba hatua zilipigwa. Enzi ambapo mgonjwa wa hospitali ya umma hakuwa na pengine pa kwenda kupata mionzi ila Hospitali Kuu ya Kenyatta, akingoja kwa miezi, si sawa na leo ambapo kuna Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile ya Moi mjini Eldoret, na vituo vya kanda vilivyopangiwa Mombasa, Garissa na Nakuru. Mashine za LINAC zinaweza kufanya mambo ambayo mashine za zamani za kobalti hazikuyaota.

Ila mashine hupigwa picha siku mkubwa anapokata utepe. Mpango wa matibabu hauna utepe. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipia mionzi kwa kikao, na kikao kilichopangwa kwa dakika ishirini hulipiwa sawa na kilichopangwa kwa siku mbili. Hospitali yenye foleni ndefu ikihesabu mapato kwa mtindo huo, ni nani atakayemlaumu mwanafizikia anayekubali mpango wa kwanza unaopita? Lau SHA ingedai, kama sharti la malipo kwa kila mgonjwa wa saratani ya mapafu, karatasi moja inayoonyesha moyo ulichorwa na ulipata wastani wa grei ngapi, desturi ingebadilika katika muda mfupi bila serikali kununua chochote.

Kuna sababu nyingine ya kulishikilia jambo hili humu nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima nchini wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwahi kupimwa. Mgonjwa anayefika kwa daktari wa saratani akiwa amekwisha kutibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho, jambo ambalo wataalamu wetu wamelilalamikia mara kwa mara, amepoteza miezi, uvimbe umekua na kusogea katikati ya kifua, na hakuna aliyewahi kuuliza hali ya moyo wake. Kumpima shinikizo, kumfanyia kipimo cha umeme wa moyo, kumpa dawa za shinikizo au za kupunguza mafuta ya damu anayezihitaji, na kumsaidia kuacha sigara siku hiyohiyo, ni mambo yanayowezekana hata katika hospitali ya kaunti kabla hajapanda basi kwenda kupigwa mionzi. Na baada ya matibabu, maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi yasichukuliwe moja kwa moja kuwa saratani imerudi.

Msomaji mwenye jamaa anayesubiri tiba hii asiogope mionzi. Kwa saratani ya hatua ya tatu, kuikataa ni kuupa uvimbe ushindi wa bure, na hakuna mtaalamu hata mmoja niliyemtaja hapo juu anayeshauri hivyo. Anachoweza kufanya ni kumwuliza daktari, kwa adabu na bila woga, swali moja kabla ya kikao cha kwanza: moyo wa mgonjwa wetu utapata grei ngapi, na je, mpango mwingine ulijaribiwa? Hakuna gharama ya kulijibu. Kompyuta inayotayarisha mpango huikokotoa takwimu hiyo yenyewe, mradi moyo umechorwa.